Misumari ya Normande Bouliane

Sheria inasema kuanzia tarehe mosi Desemba gari lisionekane barabarani bila matairi ya theluji. Sisi wa mji mdogo wa Sainte-Zénaïde, huku Quebec, sheria hiyo tunaijua vizuri sana, na tunaisoma hivi: mpaka jioni ya tarehe thelathini Novemba bado kuna nafasi. Mwanamume wa hapa hapigi simu gereji kabla hajaona theluji juu ya paa la jirani. Akipiga mapema watu watamwita mwoga. Basi theluji ya kwanza hushuka asubuhi moja juu ya mapaa yote kwa pamoja, na kabla kahawa haijapoa, simu ya Lavertu, mwenye gereji pekee iliyobaki mjini, inalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwaka ule ilishuka mapema Novemba, nyepesi kama unga uliomwagika, na adhuhuri ilikuwa imeshayeyuka. Lakini ilitosha. Jioni ile Lavertu hakuwa tena na nafasi mpaka katikati ya Desemba.

Normande Bouliane hakuwa na haraka. Matairi yake ya theluji yalikuwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, kila moja limeshafungwa kwenye ringi yake ya chuma, yamepangwa moja juu ya jingine. Yalihitaji jeki, spana na mwana. Jeki na spana vilitundikwa ukutani. Mwana, Régis, alikaa mtaa wa pili.

Normande alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane, na mfupi kiasi kwamba ukikutana naye barabarani unaona kofia ya sufu inayoendesha gari yenyewe. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya haradali, na kwa hilo alipeleka chakula cha moto kwa wazee siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wazee ni neno lake. Wengi wao alikuwa amewazidi umri, na mmoja wao alibebwa na Normande mgongoni alipokuwa mtoto mchanga. Ukimwuliza kwa nini asiache kazi hiyo ifanywe na vijana, anakujibu kwamba vijana wote wako Montreal, na supu haifiki huko ikiwa moto.

Kuendesha alijifunza kwa dakika chache. Wakati huo alikuwa mpishi wa kambi ya wakata miti, na Clovis, mumewe, alikuwa mmoja wa wakataji. Siku moja mti ulimwangukia Clovis mguuni. Waliokuwa na leseni walikuwa mbali msituni, basi Normande alimpakia mumewe kwenye pikapu ya kambi, akatia gia ya pili, akaenda nayo mpaka hospitali ya Roberval bila kuibadilisha, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba iko ya tatu. Clovis aliisimulia safari ile mpaka anaingia kaburini. Alisema mguu haukumuuma hata kidogo, alikuwa na hofu nyingine. Tangu siku ile Normande hakukaa tena kiti cha abiria kwa hiari yake.

Basi katikati ya Novemba, alipoona Régis anamjibu kwenye simu "tutaona, Mama" kwa mara ya tatu, alichukua ufunguo akaenda kibandani mwenyewe, angalau ayafute vumbi. Alifungua kufuli akakuta sakafu. Katikati ya sakafu palikuwa na duara moja safi.

Mwizi wa Sainte-Zénaïde hafungi kufuli akishaiba. Normande alirudi ndani akampigia mwanawe.

"Régis, matairi yangu yako wapi?"

Régis alisema anakuja.

Alikuja, akakaa mezani jikoni bila kuvua kofia, na hapo mama yake akajua kwamba jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa. Régis alieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa karatasi ya dawa. Alikuwa amezungumza na dada yake, Guylaine, anayekaa Quebec mjini. Walizungumza tangu kiangazi. Walikumbushana ile nguzo ya duka la dawa ambayo mama yao aliigonga mwezi wa Machi. Walikubaliana kwamba majira haya gari lilazwe. Kulaza gari ni jambo la kawaida kwetu: unapiga simu ofisi ya usajili wa magari, ada inapungua, gari linafunikwa turubai mpaka Mei. Watu hulaza pikipiki, na yale magari mekundu yasiyo na paa ambayo wanaume hujinunulia wakifika miaka hamsini. Kulaza gari ambalo mtu analitumia siku tatu kwa wiki halikuwa jambo tulilolisikia kabla.

"Mmeamua," Normande alisema.

"Kwa ajili yako, Mama. Na funguo hatukuzigusa. Zile pale ukutani."

"Mmeniachia viatu, mkachukua miguu."

Hapo Régis alifanya kosa la kutazama mlangoni. Mama yake alifuata macho yake. Kwenye msumari kando ya mlango palining'inia vile vyuma vyenye meno, vya kufungwa chini ya buti ili mtu asiteleze kwenye barafu, ambavyo watoto wake walimletea mwezi wa Oktoba siku yake ya kuzaliwa, vimefungwa kwa utepe. Aliwashukuru wakati ule. Aliona ni zawadi ya ovyo kidogo, lakini watoto hawachaguliwi ladha.

"Mmeyauza matairi, na hela yake ndiyo hii?"

Régis alisema ni vizuri sana, Guylaine alivitoa kwenye duka la wapanda milima.

Tuseme haki: hawa watoto hawakuwa wabaya. Waliyavua meno miguuni mwa gari wakayafunga miguuni mwa dereva, na nia yao yote ilikuwa mama yao asianguke. Normande hakupiga kelele. Alimwuliza Régis kama atakunywa kahawa, Régis akasema ana haraka, akamwambia haya nenda. Alipobaki peke yake alivaa koti, akatoa zile funguo ambazo hakuna aliyezigusa, akaenda kwa Lavertu.

Sasa Lavertu ni mtu mwema ambaye amesikiliza injini kwa miaka mingi kuliko alivyosikiliza watu. Kusema na injini hakuhitaji uangalifu wa maneno. Aliposikia Bi Normande anataka matairi ya theluji, alifurahi, kwa sababu alikuwa na seti moja inayomjazia nafasi kule nyuma.

"Kwa kigari kama hicho, Bi Normande, usijisumbue na mapya. Nina manne hapa ya saizi yako hasa, na ringi zake. Yamebakiwa na majira mawili ya baridi. Yatatosha."

"Yatamtosha nani?"

Lavertu alisema gari. Alilisema haraka mno, akaenda nyuma kabla hajaulizwa tena, akarudi akiviringisha tairi moja. Normande alivaa miwani. Ubavuni mwa tairi palikuwa na herufi kubwa za rangi ya manjano, za kuonyesha ni la mbele au la nyuma, la kulia au la kushoto, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika kila kitu kana kwamba anachonga gogo kwa shoka. Clovis alitaka kila tairi lirudi mahali pake kila mwaka. Alitaka hivyo kwa kila kitu, hata vikombe.

"Haya ulinunua kwa nani, Lavertu?"

"Kwa Régis."

"Régis ana kigari?"

Lavertu alikuna kichwa. Régis ana pikapu ambayo matairi haya yangeifaa kama soksi za mtoto zinavyomfaa farasi, na mtu aliyekaa na magari maisha yake yote alipaswa kuliona hilo. Hakuliona. Bouliane aliuza, Lavertu alinunua, mambo yamekuwa hivyo tangu baba zao.

"Basi umenunua mali ya mtu kwa mtu mwingine," Normande alisema, "na mwenye mali yuko hai, amevaa miwani."

Lavertu aliiva masikio kwa haya. Alisema ayachukue, ni yake, hataki malipo, na Régis akiwa na neno anajua wapi pa kumpata yeye Lavertu. Wengi wetu tungeyachukua, tukaenda nyumbani, na hadithi ile ingetupasha moto mpaka Pasaka. Normande aliingiza ukucha wa kidole gumba kwenye mifereji ya tairi, akapima kina chake. Lavertu hakusema uongo. Baridi mbili, basi. Alikaa nalo kidogo, mkono juu ya ile rangi ya manjano. Kilichomkwama kooni ni lile neno, yatatosha. Walilisema watoto kwa njia yao, na sasa Lavertu amelisema kwa njia yake, na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza yeye anahitaji kiasi gani.

"Yauze," alisema. "Nionyeshe yanayokaa muda mrefu kuliko yote."

Lavertu alifungua kitabu cha bei, akamwonyesha ya kawaida, yanayokaa miaka minne. Normande aliyapita. Alimwonyesha mengine, mpira laini, yanashika barabara vizuri lakini yanakwisha upesi. Akayapita pia. Mwishoni wakafika kwenye picha ya yale ya Kifini, yenye misumari midogo ya chuma iliyopandwa kwenye mpira kama mbegu. Hayo, Lavertu alisema, yanapanda barafu kama mbuzi. Alianza kumweleza maana ya ile alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, inayothibitisha kwamba tairi ni la theluji, Normande akamwambia aendelee mbele, hiyo wameshajuana nayo. Basi Lavertu akaona amwonye: kwenye lami kavu misumari inapiga kelele, ni kama kukaanga bisi chini ya kiti.

"Régis atanisikia nikipita?"

"Mtaa mzima utakusikia."

"Nipe hayo."

"Ila haya ni ya baridi sita, Bi Normande. Saba, kwa mwendo wako. Utakuwa na..." Lavertu alijaribu kusimama, lakini alikuwa ameshateleza.

"Themanini na tano. Au themanini na sita, kwa mwendo wangu. Kama una shaka nani atakwisha kwanza, mimi au hayo matairi, weka dau. Mimi nitakuja kulichukua."

Saizi ya vigari siku hizi ni adimu, kila mtu anataka gari lenye ukubwa wa jiko la kanisa, kwa hiyo ilibidi yaagizwe Chicoutimi pamoja na ringi mpya. Yangefika Jumatano ya wiki ya mwisho. Kuyafunga ndiyo ilikuwa shida. Lavertu alisema hana nafasi hata ya baiskeli mpaka katikati ya Desemba, na kutembea na gari lile baada ya tarehe mosi ni kujitafutia polisi.

"Alhamisi asubuhi una Bouliane," Normande alisema.

Lavertu alisema ndiyo, lakini huyo ni Régis.

Hilo Normande alilijua. Régis mwenyewe alikuwa amejisifu kwake kwamba amepata nafasi ya mwisho kabisa mjini, siku nne kabla ya tarehe mosi, kama mtu aliyemvua samaki wa mwisho ziwani. Alilijua, na alijua pia kwamba pikapu bila nafasi ile ingebaki uani.

"Ulimwambia Régis, au ulimwambia Bouliane?"

"Nilisema sawa, Bouliane, Alhamisi."

"Mimi ni nani?"

Lavertu alitazama tairi lenye rangi ya manjano, ambalo bado lilikuwa limesimama kati yao kama shahidi. Akasema Alhamisi, saa nne, asichelewe.

Chumba cha kungojea cha Lavertu, wiki ya mwisho ya Novemba, ni bunge letu. Kuna viti vya plastiki, kahawa iliyokuwa ikichemka tangu alfajiri, sanduku la donati, na watu ambao kila mmoja ana sababu nzito iliyomzuia kuja mwezi wa Oktoba. Normande alikaa karibu na kioo kinachotazama karakana, mkoba magotini, akikiangalia kigari chake kilivyoinuliwa juu, hakina miguu. Kando yake alikaa Onil Desgagné, mwenye miaka sitini na minane, mmoja wa wale wazee wake. Onil ni mzima kabisa. Ni kwamba tangu mkewe aondoke hajaelewana na jiko.

Régis aliingia akikung'uta buti. Alisalimia wote, akachukua donati, akaweka funguo mezani mbele ya Lavertu akisema pikapu iko nje. Lavertu ghafla alikuwa na kitu cha kutafuta sakafuni. Ndipo Régis alipoona, kupitia kioo, kitu cha rangi ya haradali kikielea hewani.

"Mama."

"Mwanangu."

"Gari lako linafanya nini pale?"

"Linavaa."

"Na miadi yangu?"

"Wameita Bouliane, nikaitika."

Watu walicheka, halafu wakaacha, kwa sababu Régis hakucheka. Alimwambia mama yake kwa sauti ya chini watoke nje wazungumze. Normande alisema nje ni baridi, na kahawa ya humu ingawa ni mbaya ni ya moto. Kisha akasema lile alilokuwa amelibeba tangu siku ya kibanda. Kwamba walipokaa kuamua walikuwa wawili na yeye hakuwepo. Leo yeye yupo, na hawa wote wapo, basi Régis aseme alichotaka kusema.

Régis alisema. Sidhani alikuwa amekusudia. Yeye ni wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na hapa kwetu moto ni nadra. Kinachowaita ni magari mitaroni. Februari iliyopita waliitwa barabara ya sita ya mashambani, wakakuta kigari cheupe kimelala ubavu, na yeye ndiye aliyekata mlango kwa ile mikasi mikubwa ya kukatia chuma. Ndani alikuta mwanamke mzee aliyevaa kofia ya sufu.

"Kofia kama yako," alisema. "Ileile, na kile kishada juu. Nilidhani ni wewe. Mikono ilinigomea, Mama. Wenzangu ndio waliomtoa." Alikuwa bado ameshika donati. "Wakamtoa amekufa."

Hakuna aliyekuwa akitafuna. Mtu yeyote mwenye adabu angeinamisha kichwa hapo, na baadhi yetu tuliinamisha. Normande alimtazama mwanawe usoni.

"Alikuwa na matairi gani?"

"Mama, hapa si suala la matairi."

"Wewe uliyaona. Mimi sikuyaona. Alikuwa na matairi gani?"

"Ya kiangazi," Régis alisema. "Ya nyuma yalikuwa vipara."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini." Akaangalia kioo, kigari, fundi aliyekuwa ameinua tairi la kwanza. "Watoto wake walisema hakuwa anaendesha sana. Waliona hana haja ya mapya."

"Basi," Normande alisema.

Nyuma ya kioo bunduki ya kukazia nati ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Ningeweza kukuletea funguo leo," Normande akaendelea, "na ningelala usingizi, na wewe ungelala. Siku nitakayoona siwezi, nitakuletea. Mkononi. Lakini ni mimi nitakayezileta, Régis. Hamtanizungukia kwa mlango wa kibanda."

"Na nguzo ya duka la dawa?"

"Nguzo ilikuwa na haki. Nilishamwomba radhi mwenye duka."

"Régis," Onil alisema kutoka kitini kwake, kwa upole mkubwa, "mimi nakula kesho. Sikuingilii mambo ya nyumbani kwako. Nasema tu kesho ni supu ya maharagwe mapana."

Walicheka tena, na safari hii Régis naye alitoa pumzi puani, ambayo kwa watu wa ukoo ule huhesabiwa kicheko. Alimgeukia Lavertu akaomba nafasi nyingine. Lavertu alisema tarehe kumi na tano. Régis alisema haiwezekani. Lavertu akasema amwulize Bouliane.

Tarehe mosi Desemba ilikuwa Jumatatu, na mbingu, ambazo kwa kawaida hazisomi sheria, mwaka ule zilikuwa zimeisoma. Tuliamka theluji iko magotini na chini yake kuna barafu ya mvua ya usiku. Pikapu ya Régis, kubwa, nyeusi, yenye nguvu za farasi wa kijiji kizima, ilijaribu kutoka uani, ikazunguka polepole kama mcheza dansi mlevi, ikalala kwenye ukuta wa theluji wa jirani. Régis anafanya kazi kiwanda cha mbao, upande wa pili wa mji. Aliwapigia wenzake watatu. Walikuwa wameshaondoka, mmoja alimwuliza kama zimamoto haiwezi kumpeleka.

Alikuwa amesimama kando ya barabara, ameinua kola, aliposikia bisi.

Mtaa mzima tulisikia. Sauti ile ilitoka upande wa kanisa, pale plau ya theluji ilipokwangua mpaka lami, tiki tiki tiki, ikafifia kwenye theluji, ikarudi. Kigari cha haradali kilitokea kwenye kona, kikapunguza mwendo, kikasimama mbele ya Régis bila kuteleza hata kidole. Kioo kilishuka.

"Ingia. Hiyo sufuria iweke magotini, na uishike kwa mikono miwili."

Aliingia. Magoti yake yalifika karibu na kidevu na sufuria ikakaa katikati. Mama yake alimwambia kiwanda kiko mwisho wa njia yake na wenye njaa wako mwanzo, basi wataanza na mwanzo. Yeye hakubisha. Kiti cha abiria hakina breki, lakini waliowaona wakipita wanasema mguu wa kulia wa Régis ulifanya kazi safari nzima. Kwenye mlima wa kanisa magari mawili yalikuwa yamekaa kombo, wenyewe wamesimama pembeni wakitoa ushauri. Normande alitia gia ya pili akapita kati yao, hakuongeza wala hakupunguza, mpaka juu.

Nyumbani kwa Onil ngazi zilikuwa barafu tupu, zinang'aa kama bakuli. Normande alianza kufungua mkanda, Régis akasema atapeleka yeye. Alifungua mlango, akaweka buti moja nje, buti ikaondoka peke yake. Mama yake alinyoosha mkono kiti cha nyuma, akamkabidhi vile vyuma vyenye meno.

"Vaa. Vizuri sana, nimeambiwa. Vya wapanda milima."

Régis alivifunga chini ya buti zake, na utepe mmoja ulikuwa bado umening'inia. Alipanda ngazi za Onil akiwa na supu, pai ya nyama na kipande cha keki ya zabibu mwitu. Onil alifungua, akamtazama kuanzia juu mpaka miguuni.

"Wamebadilisha mhudumu," alisema. "Yule mwingine alikuwa mrembo zaidi."

Akapeleka nyumba zote za njia ile. Kiwandani alifika watu wakiwa karibu na mapumziko, na msimamizi alipomwuliza alikuwa wapi, alisema alikuwa anagawa chakula kwa wazee. Msimamizi hakuuliza zaidi. Kuna majibu ambayo mtu huyaacha kama yalivyo.

Wiki mbili zile, mpaka Lavertu alipompa nafasi, alikwenda kazini kwa kigari siku ambazo ni za supu na kwa miguu siku nyingine, amevaa vyuma vya mama yake. Guylaine alipiga simu akataka kujua kama Mama amekubali kulaza gari. Régis alimwambia mambo ni magumu kuyaeleza kwenye simu. Yale matairi ya zamani, yenye mwandiko wa Clovis, Lavertu alimuuzia padri, naye anasema yanashika barabara kwa namna ambayo hakuitegemea.

Mei ilipofika Régis alikuja bila kuitwa, na jeki yake mwenyewe, na kopo la rangi ya manjano. Alivua matairi ya misumari, akafunga ya kiangazi, halafu akachuchumaa uani na brashi. Alimwuliza mama yake baba alikuwa anaandikaje. Normande alisema kama anakata mti. Régis aliandika polepole, ulimi ukiwa nje, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na mwandiko ulikuwa mbaya kwa namna yake. Rangi ilipokauka aliyapanga kibandani moja juu ya jingine, akayafunika gunia, akatoka, akabana kufuli.

"Ufunguo," mama yake alisema.

Régis alimpa.

"Na ule wa pili."

Huo wa pili wa kibanda ulikuwa kwenye shada la funguo zake mwenyewe, kati ya wa pikapu na wa zimamoto, na ulikuwa umekaa pale tangu enzi za Clovis. Pete ilikuwa imeshika kutu. Alihangaika nayo kwa kucha muda mrefu. Normande alisimama palepale amekunjua kiganja, akangoja.